Diski Iliyokataa Kuhama

Mwaka 2004 mama yangu alinitumia kaseti kutoka Tanga. Simu hakuipenda; alikuwa akisema simu inakula pesa upesi kuliko mbuzi anavyokula kanga iliyoanikwa uani. Basi alikaa barazani kwake, pale Ngamiani, akamwambia kijana wa jirani abonyeze redio, akazungumza nami upande mzima wa kaseti, dakika 31, kisha akampa msafiri aniletee hapa Leicester, nchini Uingereza. Mwaka 2009 alifariki dunia. Kaseti yenyewe ilikuwa imekwisha kutafunwa na redio ya gari langu miaka miwili kabla ya hapo. Sauti yake ikawa imebaki mahali pamoja tu ulimwenguni, na nikikutajia mahali penyewe, msomaji, huenda ukacheka: ndani ya mashine ya watoto ya kuchezea michezo kwenye televisheni.

Hiyo ndiyo sababu ya mimi, mtu mzima mwenye mvi, kukaa chini na kuandika historia ya mashine ya michezo. Elimu hii sikuitafuta kwa kupenda. Ilinijia kama deni linavyomjia mtu mlangoni.

Mashine hiyo ni Xbox, ile ya kwanza kabisa, nyeusi, nzito kama tofali la saruji. Kampuni ya Microsoft iliitoa Marekani tarehe 15 Novemba 2001, ikafika Ulaya tarehe 14 Machi 2002. Hapa Uingereza ilianza kuuzwa kwa pauni 299, na baada ya wiki sita hivi bei ikashushwa hadi 199. Wenye mashine za michezo za kabla yake walizoea kutunza maendeleo ya michezo yao kwenye vikadi vidogo vya kuchomeka. Hii ilikuja na diski kuu ndani ya tumbo lake, diski hasa ya kompyuta, ya gigabaiti 8 au 10. Na kwa kweli ilikuwa kompyuta iliyovaa nguo nyingine: ubongo wake ulikuwa wa ukoo wa Pentium III wa Intel, wenye kasi ya megahezi 733, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya megabaiti 64. Mwenye mashine akitumbukiza CD ya muziki, aliweza kuinakili kwenye diski ile na kusikiliza nyimbo zake baadaye bila ya CD.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa akikaa kwangu wakati ule kwa ajili ya masomo. Yeye ndiye aliyeihamisha kaseti ya bibi yake kwenye CD ya kurekodia nyumbani, kisha akaitia kwenye mashine. CD za namna hiyo mashine nyingine zilizikataa, kwa kuwa hazikuwa na jicho la aina moja la kusomea. Yetu kwa bahati ilizikubali. Jioni moja nimerudi kutoka kazini, nikamkuta mama yangu anazungumza sebuleni kwa kupitia spika za televisheni. Niliketi na koti langu mwilini mpaka akamaliza.

Sasa nieleze lile jambo lililokuja kunitesa, nalo ni kufuli.

Mashine ile iliuzwa kwa bei isiyorudisha gharama za kuiunda. Faida ilitarajiwa katika michezo. Kwa hiyo ilikuwa lazima mwenye mashine asiweze kuigeuza kompyuta ya bei rahisi, wala kuchezea nakala za kuiba. Wahandisi wakaweka ulinzi wa namna nyingi, na mmojawapo ukawa juu ya diski. Diski za kompyuta za zama zile zilikuwa na uwezo ambao wengi wetu hatukuujua: ziliweza kupewa neno la siri la baiti 32, na diski iliyofungwa hivyo haitoi kitu mpaka iambiwe neno hilo. Ukikosea mara tano inanyamaza kabisa hadi uizime na kuiwasha upya. Kumbukumbu zilizomo hazijafumbwa. Zimelala humo kama zilivyoandikwa. Ni mlango tu uliokomewa, na aliyeukomea yuko ndani.

Neno hilo la siri halikuandikwa popote. Mashine ililitengeneza upya kila ilipowashwa, kwa kuchanganya vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa ufunguo uliowekwa kwenye chipu ndogo ya miguu minane iliyolehemiwa juu ya bodi. Chipu yote hiyo ina baiti 256, yaani inabeba maandishi machache kuliko aya hii unayoisoma, nayo hutunza nambari ya mashine, eneo iliyouzwa, na ule ufunguo ambao kila mashine ilipewa wake. Cha pili kilikuwa jina la aina ya diski pamoja na nambari yake ya kiwandani. Kwa maneno mengine, diski na bodi zilifungishwa ndoa kiwandani, na ndoa hiyo haikuwa na talaka. Uchukue mashine mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, ubadilishane diski zake, na zote mbili zitagoma.

Watu hawakukawia kulishambulia jengo hili. Huko Cambridge, karibu na Boston, katika chuo cha MIT, alikuwako mwanafunzi wa shahada ya udaktari aitwaye Andrew Huang, ambaye wenzake humwita "bunnie". Aligundua kwamba siri ya kwanza kabisa ya mashine, programu ndogo ya baiti 512 inayoamka kabla ya nyingine zote, ilifichwa ndani ya chipu moja, lakini ilibidi isafiri kwenye nyaya za bodi kuelekea kwenye ubongo. Akatengeneza kifaa chake, akakilehemu juu ya nyaya hizo nyembamba sana, akasikiliza mazungumzo yanayopita kwa kasi ya ajabu, akaipata. Mwezi Mei 2002 aliandika taarifa ya kitaalamu juu ya jambo hilo, na chuo chake kikaitoa. Alipoandika kitabu kamili, mchapishaji wake alikiacha mwaka 2003 kwa kuogopa sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli za kielektroniki. Akakichapisha mwenyewe kwa fedha zake, kabla ya mchapishaji mwingine kujitokeza mwaka uleule. Mimi ninayejichapishia kurasa hizi kwa fedha zangu sikuweza kusoma habari hiyo bila ya kutabasamu.

Baada ya hapo zikawako njia mbili, na tofauti ya njia hizo mbili ndiyo iliyoamua mambo ya nyumbani kwangu.

Njia ya kwanza ilikuwa ya chipu. Fundi analehemu chipu ya ziada kwenye bodi, na mashine inapoamka inafuata maagizo ya chipu hiyo badala ya yale ya kiwandani. Mashine yenye chipu ya namna hiyo haikuwa tena na haja ya diski iliyofungwa. Watu waling'oa diski ya gigabaiti 8, wakaweka kubwa mara kumi au ishirini, wakahamisha kutoka mashine hii kwenda ile kama mtu anavyohamisha betri ya tochi.

Njia ya pili haikutaka kulehemu. Mwezi Machi 2003 mtu aliyejiita habibi_xbox (naam, habibi, jina lake halisi si langu kulitafuta) alitangaza kwamba mchezo mmoja wa James Bond, uitwao 007: Agent Under Fire, una kasoro katika namna unavyosoma maendeleo ya mchezaji yaliyohifadhiwa. Ukiupa faili lililotengenezwa kwa hila, lenye maneno marefu kuliko nafasi iliyotengwa, maneno hayo yanamwagika nje ya nafasi yake na kuanza kuamrisha mashine. Ni kama mgeni aliyetandikiwa mkeka ukumbini, akajinyoosha na kujinyoosha hadi kukapambazuka yuko chumbani anatoa amri kwa watumishi. Njia hii ilikuwa rahisi na ya bure. Lakini maagizo ya kiwandani yaliendelea kuwamo, kwa hiyo diski ilibidi ibaki imefungwa, na kwa ufunguo wa bodi ileile.

Mpwa wangu alitaka chipu. Nilikataa. Niliona gharama, na niliogopa sheria, wala woga huo haukuwa wa bure. Kanuni mpya za hakimiliki zilikuwa zimeanza kutumika Uingereza mwishoni mwa Oktoba 2003, na Julai 2004 Mahakama Kuu hapa ilimwona na hatia ya madai mtu aliyeuza chipu za mashine nyingine, PlayStation 2. Huko Australia mambo yakaenda kinyume: Oktoba 2005 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba chipu iliyobishaniwa mbele yake haikuingia katika makatazo ya sheria kama ilivyokuwa imeandikwa. Dunia moja, kipande kimoja cha plastiki, na majaji wenye elimu sawa hawakuelewana. Mimi mgeni wa nchi, mwenye karatasi zangu zikingojea muhuri, sikutaka kuwa upande wowote wa kesi hiyo.

Kijana akaenda njia ya pili bila ya kuniambia, tena kwa mtindo wa hatari kuliko yote. Alifungua skrubu sita za mashine, nne zimefichwa chini ya miguu ya mpira na mbili chini ya vibandiko. Akaiwasha, akaiacha mashine yenyewe itamke lile neno la siri na kuifungua diski. Kisha, umeme ukiwa unaendelea kuingia kwenye diski, akachomoa ule utepe mpana wa nyaya na kuuchomeka wa kompyuta yangu. Diski, kwa kuwa haikukatiwa umeme, haikujua kwamba imebadilishiwa bwana. Ikaendelea kutoa kila kitu. Nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakuta mashine mbili zimefunguliwa matumbo juu ya meza ya kulia, zimeunganishwa kwa utepe, na kijana amelala kitini na bisibisi mkononi.

Nilifoka. Sioni sababu ya kuficha. Nilimwambia kwamba sikumleta Ulaya aje kuwa mwizi. Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, nataka tu iweze kuonyesha filamu." Baadhi ya maneno hayo yalikuwa kweli. Ilikuwako programu ya watu wa kujitolea, iliyoanza mwaka 2002 na baadaye kuitwa XBMC, iliyoigeuza mashine ile kuwa kicheza picha na muziki bora kuliko vilivyouzwa madukani. Programu hiyo ingali hai, na tangu 2014 inaitwa Kodi. Lakini pia kulikuwa na michezo ya kunakiliwa, niliiona kwa macho yangu. Wanaosimulia historia hii kana kwamba kila aliyefungua mashine alikuwa mtafiti hawasemi kweli, na wanaosema wote walikuwa wezi nao hawasemi kweli. Wengi walikuwa kama mpwa wangu, nusu na nusu.

Nikachukua CD aliyokuwa amehifadhia programu zake. Akasimama. "Hiyo usitupe, mjomba, ina nakala ya ufunguo. Ni faili dogo, ndio uhai wa mashine." Niliivunja vipande viwili mbele yake, nikaitia kwenye pipa la taka.

Mashine iliendelea kufanya kazi. Kijana alimaliza masomo, akahamia Birmingham, akawa fundi umeme. Mama akafariki. Miezi ile nilimsikiliza mara nyingi, kisha nikashindwa kumsikiliza, na mwaka 2011 nikaipandisha mashine darini pamoja na mapazia ya zamani. Huduma ya michezo ya mtandaoni ya mashine hizo ilikuwa imekwisha kufungwa tangu tarehe 15 Aprili 2010. Hazikuwa na thamani tena kwa mtu yeyote.

Mwaka 2023 mwanangu wa mwisho, ambaye bibi yake alimjua kwa picha tu, aliniuliza alikuwa akiongea vipi. Nikapanda darini.

Mashine haikuwaka. Karibu na ukingo wa bodi ya mashine nyingi za aina hiyo iko kapasita ndogo, mviringo, kazi yake kutunza saa kwa muda mfupi mashine inapochomolewa ukutani. Ikizeeka huvuja, na maji yake hula njia za shaba zilizo chini yake kama kutu inavyokula bati la pwani. Wenye mashine hizi hushauriana kuing'oa mapema, kwani mashine huishi bila yake. Sina lawama kwa aliyeiunda: kapasita haikuwekwa pale ingoje zaidi ya miaka ishirini, na niliyeitupa darini penye unyevu ni mimi.

"Haidhuru," mwanangu akasema, "diski ni nzima." Jumapili iliyofuata alinunua Xbox nyingine kwenye soko la vitu vilivyotumika, pauni 20, nzima kabisa. Tukatoa diski yake, tukaweka yetu. Tukawasha. Televisheni ikaleta maandishi kwamba mashine inahitaji kupelekwa kwa mafundi, na pembeni juu nambari 06. Tulijaribu tena na tena. Diski ilikuwa ikizunguka, tuliisikia, na mama yangu alikuwa humo. Nambari ikarudi ileile.

Nilimpigia simu mpwa wangu. Nikamsomea nambari. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba 06 maana yake ni mashine imeshindwa kuifungua diski. "Ingekuwa na chipu, mjomba, ungeihamisha tu," akasema. Baadaye akaongeza, polepole, "Na ile nakala..." Hakumaliza. Nami nilikuwa nikiikumbuka sauti ya CD inapovunjika.

Alikuja Jumamosi na mkoba wa vifaa. Alinieleza, kwa subira ambayo mimi sikumwonyesha yeye mwaka 2005, kwamba bodi imekufa lakini huenda ile chipu ya miguu minane ingali hai, kwa sababu haihitaji bodi nzima. Inahitaji umeme kidogo na mtu wa kuiuliza. Siku hizi ziko kompyuta ndogo kama pakiti ya sigara, za bei ya chini, ambazo zinaweza kuiuliza. Alisafisha uoza wa kapasita kwa mswaki na spiriti. Akalehemu nyaya nne nyembamba, mikono yake ikiwa imetulia kabisa. Mara ya kwanza chipu ilijibu sifuri tupu. Akaupasha moto waya mmoja tena. Mara ya pili ilijibu maneno, na ya tatu maneno yaleyale, na ya nne. Baiti 256.

Kilichofuata kilikuwa hesabu. Ufunguo uliomo kwenye chipu nao umefungwa kwa ufunguo mwingine, ambao ulikwisha kujulikana kwa kazi ya mafundi wa miaka ile ya 2002 na kuendelea. Ukifunguliwa, unachanganywa na jina na nambari ya diski, na neno la siri linatoka. Mpwa wangu akanionyesha pia jinsi wenye mashine wa leo wanavyojikinga na msiba kama wangu. Wengi huandika sifuri tupu mahali pa ufunguo kwenye chipu, katika kila mashine waliyo nayo, kisha wanazifunga diski zao upya kwa huo ufunguo wa sifuri. Hapo diski yoyote kati yao inaingia mashine yoyote kati yao, na mwenyewe akisahau kila kitu, atakayekuja nyuma yake atajaribu sifuri kwanza. Nilifikiri juu ya hilo kwa muda mrefu: kufuli la watu wenye akili, waliolifanya makusudi liwe rahisi kwa warithi.

Alipachika diski kwenye kompyuta kuukuu aliyokuja nayo, yenye nafasi ya utepe wa zamani. Akaandika neno la siri. Diski ikakubali mara ya kwanza. Faili lilikuwa na jina alilolipa yeye mwenyewe akiwa kijana, BIBI. Tulinakili kwanza sehemu tatu mbalimbali kabla ya kusikiliza, kwa sharti lake. Kisha akaifunga ile diski upya kwa ufunguo wa mashine ya pauni 20, tukairudisha humo, tukawasha televisheni.

Mwanzo kuna kelele ya kaseti, halafu salamu, nyingi, za mtu mmoja mmoja. Jogoo anawika. Anataja waliofariki mtaani na waliooa. Anasema paa la upande wa jikoni linavuja, lakini nisitume pesa, fundi atalitazama baada ya mvua. Anauliza kama nimepata koti zito na kama yule mjukuu wake anakula. Mpwa wangu akaenda kusimama dirishani.

Karibu na mwisho kuna maneno niliyokuwa nimeyasahau kabisa, ingawa niliyasikia mara nyingi zamani. Anasema, "Upande wa pili nimekuachia mtupu. Ongea wewe, mwanangu, unirudishie nikusikie." Halafu anamwambia kijana azime.

Sikuwahi kuurekodi.